Sprei ya nikotini ya puani inawasha kama pilipili, ila usiitupe kwenye droo

Swali nililoletewa, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo dada. Mi mtu wa Tanga ila niko Leicester mwaka wa kumi na moja sasa, naendesha foklifti weahausi shifti za usiku. Navuta pakiti nzima kwa siku tangu nina miaka 19, sasa nina 41. Nimejaribu chingamu ikanipa kwikwi, nimejaribu pachi ya kubandika nikafika siku ya tisa nikarudi. Kinachoniumiza ni kwamba Ramadhani nafunga mchana kutwa bila sigara na siumwi, ila ikishaadhiniwa tu magharibi sijamaliza hata tende niko nje na kiberiti. Famasi wakanipa sprei ya nikotini ya puani, nikapuliza mara tatu, wallahi iliwaka kama nimenusa pilipili kichaa, machozi yakanitoka nikaitupa kwenye droo. Shangazi akaniambia 'si ugoro tu huo wamekutilia kwenye chupa.' Je hii kitu inafanya kazi kweli au ni biashara? Si nitakuwa nimehama tu kutoka sigara kwenda kwenye sprei? Na naweza kumtumia mdogo wangu wa Tanga, anavuta na anaweka kuberi (ile tumbaku ya kuweka mdomoni)?"

Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi umeandika na nimefurahi zaidi umesema ukweli kwamba ulipuliza mara tatu tu, maana wengi wanakuja kwangu wanasema "nimeijaribu haikufanya kazi" na ukiwabana unakuta ni mara mbili, mara tatu, na mtu hajafika hata siku ya pili. Mi ni mfamasia, kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukaa na watu wanaoacha sigara, na hii sprei ndo dawa ambayo naona inaonewa kuliko zote. Ni dawa ya siku nyingi, imepimwa vizuri, na inawafaa hasa watu kama wewe. Shida yake ni siku nne tano za mwanzo, mtu akivuka hapo ni habari nyingine kabisa.

Nianze na shangazi, kwasababu shangazi hajakosea kabisa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kikopo chake cha bati, ugoro wake anausaga mwenyewe, anachanganya na magadi, anachota kwa ncha ya kidole gumba anavuta tundu moja, ananyamaza, alafu la pili. Sisi watoto tulikuwa tunasubiri chafya. Yale magadi hayakuwa mapambo, magadi yanaifanya nikotini ipite haraka kwenye ngozi laini ya ndani ya pua, wazee walilijua hilo bila maabara. Sasa mwaka 1980 kulikuwa na daktari mmoja London anaitwa Michael Russell, hospitali ya Maudsley, yeye na wenzake walipima damu ya watu wanaonusa ugoro wa Kiingereza, wakakuta nikotini inapanda haraka karibu sawa na ya mtu aliyevuta sigara. Hapo ndo wazo lilipoanzia: kama pua inaweza kupeleka nikotini haraka hivyo, kwanini tusiipeleke nikotini peke yake, bila tumbaku? Mwaka 1983 wakaandika kuhusu dawa ya majimaji ya nikotini ya kuweka puani, na mmoja wa walioandika nao alikuwa Ove Fernö, yule Mswidi aliyetengeneza chingamu ya nikotini. Kwaiyo ukifuatilia ukoo wa hii chupa yako, kweli babu yake ni ugoro.

Ila kufanana ukoo sio kuwa kitu kimoja. Ugoro ni jani zima la tumbaku limesagwa, ndani yake kuna zile kemikali za tumbaku zinazoleta saratani na zinaenda moja kwa moja kwenye pua yako, au kwenye fizi kama unaweka mdomoni. Sprei ni nikotini iliyosafishwa, kwenye maji yenye chumvi chumvi kidogo na vitu vya kuizuia isiharibike, basi. Na ukibonyeza mara moja inatoka nusu miligramu, leo na kesho na keshokutwa ni ileile nusu miligramu, wakati bibi yangu hakuna aliyejua kidole chake kimechota ngapi. Huyo huyo Russell ndo alisema miaka ya 1970 kwamba watu wanavuta kwa ajili ya nikotini lakini wanakufa kwa ajili ya lami, yaani ule uchafu mweusi unaonata wa moshi. Nikotini ndo inakufunga kamba, ila kinachoharibu mapafu na kuleta saratani ni moshi, ule moshi una kemikali zaidi ya 7,000 na zisizopungua 60 zinajulikana zinasababisha saratani. Sisemi nikotini ni maziwa, inapandisha mapigo ya moyo na presha na inashika mtu, nitafika huko.

Sasa kwanini pachi na chingamu vilikushinda? Nisikilize hapa kwasababu hapa ndo kwenye jibu lako.

Ukivuta sigara, nikotini inatoka kwenye mapafu inafika kwenye ubongo kwa sekunde 10 mpaka 20 hivi. Ubongo wako umezoea hivyo kwa miaka 22, mvuto mmoja, jibu hapohapo. Pachi inapeleka nikotini polepole kupitia ngozi, inachukua masaa kufika juu, alafu inabaki palepale siku nzima. Ni nzuri kwa kukushikia msingi, ile arosto ya jumla, hasira, kukosa utulivu, kichwa kizito. Lakini pachi haina namna ya kukujibu pale saa tisa usiku bosi amekuudhi na wenzako wote wametoka nje kuvuta. Chingamu inachukua kama nusu saa kufika kileleni, na wengi wanaitafuna kama chingamu ya dukani, mate yote yanamezwa, nikotini inaishia tumboni, ndo zile kwikwi zako na kiungulia. Sprei ya puani inafika kileleni kwenye damu kati ya dakika 4 na 15 hivi. Haiifikii sigara, hakuna dawa inayoifikia sigara na ni vizuri isiifikie, ila katika dawa za nikotini hii ni ya haraka sana. Alafu ule muwasho wenyewe, ule "khaa!" wa puani na kooni, kwa mtu aliyezoea moshi kumkwaruza koo unakuja kuwa sehemu ya ahueni, sijui nikuelezeje, wateja wangu wengi wakifika wiki ya pili wananiambia wanauhitaji.

Na wewe sio mvutaji mwepesi. Hukuniambia ila ningependa kujua, sigara ya kwanza unavuta dakika ngapi baada ya kuamka? Kuna Mswidi mwingine, Karl-Olov Fagerström, mwanasaikolojia, ametengeneza maswali ya kupima mtu amefungwa kiasi gani na nikotini, na hilo swali ndo lenye uzito kuliko mengine yote. Mtu anayewasha ndani ya dakika 5 kabla hajapiga hata mswaki huyo ubongo umeamka unadai. Pakiti kwa siku miaka 22, na magharibi tende haijamezwa, mi nakisia uko kwenye kundi hilo. Na watu wa kundi hilo ndo ambao dawa ya polepole peke yake huwa inawaangusha.

Umeuliza inafanya kazi kweli au ni biashara. Nakupa namba alafu upime mwenyewe. Mwaka 1992 hapohapo London ulitoka utafiti kwenye jarida la Lancet, wavutaji 227, nusu wakapewa sprei ya nikotini na nusu sprei ya uongo, na wote wakawa wanakutana kwa vikundi kusaidiwa. Baada ya mwaka mzima, kwenye sprei ya kweli waliokuwa hawajavuta kabisa ni asilimia 26, kwenye ya uongo asilimia 10. Na nikwambie kitu kitakachokuchekesha kidogo, kwenye baadhi ya tafiti za hii sprei ile ya uongo waliitia kitu cha pilipili manga ili iwashe pua watu wasijue wamepewa ipi. Kwaiyo uliposema pilipili hukuwa mbali, na ule muwasho tu haukutosha kuwaachisha watu, nikotini ndo iliyofanya kazi.

Alafu kuna wa Iceland, huu naupenda zaidi, ulitoka mwaka 1999. Watu 237, wote wakapewa pachi kwa miezi mitano, alafu nusu wakaongezewa sprei ya nikotini na nusu sprei ya uongo kwa mpaka mwaka. Mwaka ulipoisha, pachi na sprei ya kweli asilimia 27 walikuwa wameacha, pachi na ya uongo asilimia 11. Wakawafuatilia mpaka miaka sita, wakabaki 16 kwa 9. Marekani mamlaka ya dawa iliipitisha sprei Machi 1996, kule mpaka leo ni kwa cheti cha daktari, huku Uingereza unainunua famasi au unapewa kupitia huduma za kuacha sigara kama ulivyopewa wewe.

Sitaki nikudanganye kwa hizo namba. Asilimia 26 maana yake ni kwamba kati ya watu wanne, watatu hawakufika mwaka. Ndivyo sigara ilivyo ngumu, sio dawa kwamba ni mbovu wala sio wewe kwamba huna imani. Lakini kutoka 10 kwenda 26 kwa mtu anayetafuta njia ni tofauti kubwa mno, na mi nimekaa na watu wa pande zote mbili najua ile tofauti ina sura gani.

Haya, tuje kwenye lile lililokuangusha, kule kuwaka. Kwenye maelezo ya dawa ya Marekani imeandikwa wazi kwamba katika siku mbili za mwanzo asilimia 94 ya watumiaji waliwashwa pua, na wengi wao wakasema ni muwasho wa kati au mkali. Yaani karibu kila mtu! Chafya, kamasi, machozi, kukohoa, koo kukwaruza. Aliyekupa chupa bila kukwambia hivyo hakukutendea haki kwa kweli, maana mtu akijua anajiandaa. Baada ya wiki tatu wengi bado wanahisi kitu, ila nguvu yake imeshashuka sana, na kwa ninaowaona mimi kipindi kigumu kweli ni siku nne tano, wiki kwa wengine.

Na nusu ya muwasho unatokana na namna ya kupuliza. Mzee mmoja alikuja ofisini amefura, akaniambia hii dawa ni adhabu. Nikamwambia hebu puliza hapa nione. Akaingiza ncha, akabonyeza, na papohapo akavuta pumzi kwa pua kwa nguvu zote kama ananusa ugoro. Dawa yote ikapita juu ikaenda kooni, akakohoa mpaka akashika meza. Kumbe hapo ndo kosa. Hii haivutwi. Inatakiwa ibaki puani, kwenye ile ngozi laini yenye mishipa mingi ya damu, ikishuka kooni inakuwasha na inapotea bure tumboni.

Fanya hivi. Penga kamasi kwanza, pua iwe wazi. Kama chupa ni mpya au imekaa muda, bonyeza kwenye tishu mara kadhaa mpaka utoke ukungu mwembamba na sio matone, na usipulizie hewani karibu na uso wako au wa mtu. Inamisha kichwa nyuma kidogo tu, sio kama unatazama dari. Ingiza ncha ndani kiasi unachoweza bila kuumia, ielekeze kidogo upande wa nje wa pua na sio katikati kwenye ule ukuta, fungua mdomo, pumua kwa mdomo au zuia pumzi kabisa, bonyeza mara moja, kwa haraka na kwa nguvu. Usivute. Toa, hamia tundu la pili, mara moja. Hiyo ndo dozi, miligramu moja. Sasa kaa hivyo na tishu mkononi, machozi yatatoka yaache yatoke, chafya ikija ije, ila usipenge kwa dakika mbili tatu, kamasi ikichuruzika irudishe taratibu tu. Yule mzee alipofanya hivyo mara ya pili macho yalijaa maji lakini hakukohoa, akanitazama akasema "mbona hujasema siku zote."

Hizo siku za mwanzo zifanyie nyumbani, ukiwa hujaenda shifti. Na hili ulishike sana kwasababu ya kazi yako: usipulize ukiwa kwenye foklifti wala ukiwa unaendesha gari. Chafya na machozi sekunde kumi tu na paleti iko juu, hapana. Unapuliza umekaa, unasubiri angalau dakika tano pua na macho vitulie, ndo unapanda.

Kiasi gani? Huku Uingereza maelekezo ni ukihisi hamu unapuliza mara moja kila tundu, isizidi mara mbili kila tundu ndani ya saa moja, na kwa siku nzima isizidi mibonyezo 64 ukihesabu matundu yote mawili. Watu wengi wakisikia hivyo wanaogopa wanapuliza mara tatu kwa siku alafu saa kumi wako nje wanavuta. Kosa la kutumia kidogo naliona mara kumi zaidi ya kosa la kutumia nyingi. Wamarekani kwenye maelekezo yao wanasema kabisa mtu asishuke chini ya dozi 8 kwa siku mwanzoni. Mtu wa pakiti nzima mi huwa namwambia mwanzoni usisubiri mpaka arosto ikukabe, weka dozi kwenye nyakati zako zinazojulikana, ukiamka, baada ya chakula, kabla hujapanda shifti, na breki zote, na ile ya magharibi ukiwa siku za kawaida. Sprei ina haraka ila sio ya sekunde, ukisubiri mpaka mkono unatetemeka kwenye kiberiti umechelewa kwa dakika kumi.

Na ningekuwa mimi nimekaa na wewe ningekurudishia pachi pia. Najua utasema pachi ilishakushinda, ndio, ilikushinda ikiwa peke yake. Pachi asubuhi (kwako wewe ukiamka mchana) inakushikia chini, sprei inazima moto unapowaka. Kuchanganya dawa ya polepole na ya haraka kunashinda kutumia moja, hilo limepimwa mara nyingi sana, ndo mpango wa kawaida siku hizi kwenye kliniki zetu. Ila ongea na famasi wako wakupangie kiasi cha vyote viwili. Dalili za kuzidisha nikotini ni kichefuchefu, kizunguzungu, jasho baridi, moyo kwenda mbio, ukiona hivyo punguza.

Kuna watu hii sprei haiwafai na hukunigusia hali yako, kwaiyo soma vizuri. Mwenye pumu, hapana, tafuta kingine, inaweza kuibana mirija. Mwenye nyama za puani au pua zinazoziba na kuvimba kila mara, haimfai pia. Aliyepata shambulio la moyo karibuni au moyo unaoruka mapigo vibaya, aongee na daktari kwanza, vilevile mwenye vidonda vya tumbo. Mjamzito asijianzishie mwenyewe. Kama unatumia insulini, au dawa kama olanzapine, clozapine au theophylline, mwambie daktari wako siku unayoacha sigara, kwasababu moshi unafanya ini lizivunje hizo dawa za mwisho haraka, ukiacha moshi dawa inabaki mwilini nyingi kuliko ulivyozoea. Kahawa nayo ni hivyohivyo! Mtu wa shifti ya usiku anayeacha sigara na kuendelea na vikombe vyake sita anajikuta hasinzii, mikono inatetemeka, anasema ni arosto kumbe ni kahawa, punguza nusu. Na ukipata mafua, ile sprei nyingine ya kuzibua pua inabana mishipa ya damu, nikotini inaingia taratibu zaidi, usishangae siku hizo ukaiona haina nguvu, pachi itakubeba.

Sasa swali lako la kuhama. Ni swali zuri na nisikujibu kwa juu juu. Ndio, kwa sababu ni ya haraka hii sprei inaweza kumshika mtu kuliko pachi, kwenye maelezo yake imeandikwa kwamba asilimia 15 mpaka 20 ya waliokuwa kwenye tafiti waliendelea nayo muda mrefu kuliko ule walioshauriwa. Kwaiyo tunaiwekea ratiba ya kuondoka tangu siku ya kwanza. Wiki 8 unatumia unavyohitaji ndani ya kikomo. Wiki ya 9 na 10 unashuka mpaka nusu. Wiki ya 11 na 12 unamalizia mpaka sifuri. Njia rahisi niliyoona watu wanaiweza ni kuhesabu kwa chupa, chupa moja ni kama mibonyezo 200, ukiwa unapuliza 30 kwa siku inakwisha kama wiki, sasa ukisema chupa hii inifikishe wiki mbili unajikuta unashuka bila kukaa unahesabu kila dakika. Wengine wanaacha kupuliza tundu moja, nusu ya dozi hiyohiyo. Pachi ndo inayotoka mwisho.

Na ikitokea mwezi wa tano bado unapuliza mara nne kwa siku lakini sigara hujagusa? Rudi kwa famasi, tutashusha pamoja, lakini mi sitalia. Moshi ndo unaoua, na mtu anayepuliza mara nne kwa siku hana lami kwenye mapafu, hana kaboni monoksidi kwenye damu, watoto wake hawavuti moshi wake. Nimeona watu wanarudi kwenye pakiti kwa sababu tu ndugu wamewacheka kwamba "sasa umekuwa mteja wa sprei", roho iliniuma sana.

Ramadhani umeigusa na nafikiri umeielewa vibaya kidogo, kwa upande mzuri. Unasema mchana huumwi. Sehemu ya arosto ni ya mwili na sehemu ni ya kuzoea: breki inalia, mkono unaenda mfukoni. Mchana wa Ramadhani ubongo wako unajua hakuna sigara, mlango umefungwa, hata hausumbuki kuugonga. Jua likizama unajua mlango umefunguliwa. Hiyo inaonyesha una uwezo kuliko unavyojidhania. Ukitaka kuacha mwezi huo, pachi ndo rahisi kwa mchana, kwa masheikh wengi dawa ya puani ikifika kooni inafunguza, hilo muulize sheikh wako unayemfuata, alafu sprei iweke palepale kwenye sahani ya tende. Futuru, maji, tende, dozi, kaa dakika kumi ndani. Usitoke nje kwanza, hizo dakika kumi ndo zako.

Na wenzako wa weahausi wanaotoka kuvuta, wafuate kwenye mazungumzo ukitaka ila sio wiki mbili za mwanzo. Hamu moja kwa kawaida haizidi dakika chache, arosto ya mwili inakuwa kali wiki ya kwanza na kwa wengi imeshashuka sana ikifika wiki ya nne.

Mdogo wako wa Tanga. Tafadhali usimtumie sprei kwa mzigo wala kwa mtu anayesafiri. Hatapata wa kumwelekeza, chupa ikiisha hana pa kupata nyingine, na joto la kule linazidi nyuzi 30 ambazo ndo mwisho wa kuihifadhi. Alafu fikiria hili, chupa moja ya mililita 10 ina nikotini miligramu 100, mtoto mdogo akiinywa ni hatari kubwa. Kwa mdogo wako mwambie atafute chingamu au pachi kwenye famasi kubwa za mjini, hizo mbili Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009, bei yake najua inauma. Na wewe ndo umfundishe chingamu inavyotafunwa, usirudie makosa uliyofanya: unatafuna polepole mpaka usikie ukali, unaacha, unaibana kati ya fizi na shavu mpaka ukali uishe, unatafuna tena, nusu saa hivyo, bila kunywa kahawa wala soda kabla. Na kuberi aihesabu, asiseme ameacha sigara huku ile iko mdomoni, ni tumbaku vilevile na nikotini yake ni nyingi.

Kama baada ya yote haya sprei imegoma kabisa, pua haitaki, usirudi kwenye pakiti ukasema umemaliza dawa zote. Kuna sprei ya mdomoni, ni kitu tofauti usichanganye, hiyo ni miligramu moja kwa mbonyezo na inapulizwa ndani ya shavu. Na kuna varenicline, vidonge, ilitolewa sokoni mwaka 2021 ikarudi England mwaka 2024, uliza huduma ya kuacha sigara ya hapo Leicester, ni bure, na ukiwa na mtu wa kukupigia simu kila wiki nafasi yako inapanda, usione aibu.

Ila kwanza fungua hiyo droo. Angalia tarehe ya mwisho kwenye chupa, kama imepita irudishe famasi usiimwage kwenye sinki. Kama bado, panga siku tatu ambazo huna shifti, nunua tishu, toa pakiti na viberiti na kile kisahani cha majivu nyumbani, mwambie shemeji yangu kwamba siku hizo tatu utakuwa unapiga chafya asishtuke. Chupa ikae juu watoto wasipofika. Alafu niandikie siku ya nne unambie pua inaendeleaje, na lile swali la sigara ya kwanza baada ya kuamka ulijibu.